Gari la Kale Lataka Mifupa Kabla ya Misuli

Msafiri atokaye Kamembe akiteremka kuelekea bonde la Bugarama, ambalo ndilo eneo la chini kuliko yote katika Rwanda, hupokewa na joto kabla hajafika Muganza. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984, na malori yaliyosheheni mifuko hupita mchana kutwa. Katika njia zizo hizo hupita magari madogo ya watu binafsi, na mengi kati yake si ya juzi. Yamerithiwa, yamenunuliwa mkono wa tatu au wa nne, yakatengenezwa mara nyingi kuliko wenyewe wanavyoweza kukumbuka.

Makala haya yahusu gari moja la namna hiyo, Peugeot 504, mali ya shemeji yangu ambaye ni askari mstaafu. Lakini yahusu zaidi jambo ambalo wenye magari wengi hulipuuza mpaka liwafike: ukakamavu wa chasisi. Wasomaji wetu, wawe kambini, katika kituo cha polisi au nyumbani na watoto, watapata humu maarifa ya kuwafaa siku watakapotaka kununua gari kuukuu au kulifufua walilo nalo.

MLANGO ULIOFUNGUKA WENYEWE

Tulikuwa tukitoka Huye, tukapita msitu wa Nyungwe, ule ulioingizwa mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia. Barabara ya huko ni ya lami, lakini kona zake hazihesabiki. Tulipokata kona moja ya kushoto, nalo gari likiinamia kulia, mlango wa nyuma wa upande huo ulifunguka wenyewe. Mpwa wangu mdogo alikuwa ameuegemea. Dada yake alimdaka nguo mgongoni, akamvuta ndani. Hakuna aliyeumia, ila kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno.

Tulipofika nyumbani, dada yangu aliteremsha mizigo yote, kisha akamwambia mumewe kwa sauti ya upole, “Baba watoto, mimi na wanangu hatutaingia tena katika gari hili mpaka nijue ni kwa nini.”

Shemeji aliamini kuwa kitasa kimechoka. Alikuwa amekwisha kukibadilisha mara mbili. Na kulikuwa na jambo jingine: fedha zilizowekwa akiba kwa ajili ya gari zilikuwa zimekwisha kupangiwa matumizi. Mpwa wangu mkubwa, kijana apendaye picha za magari makubwa ya Marekani ya miaka ya 1960, alikuwa amemshawishi baba yake watafute injini yenye nguvu zaidi. “Mjomba,” aliniambia, “gari hili ni zuri, lakini halina misuli.”

JEKI ILISEMA KWELI

Tuliita fundi wa kuchomelea vyuma ambaye ana karakana ndogo kando ya barabara hapa Muganza. Hakugusa kitasa. Alilizunguka gari kimya, akapitisha kidole katika nafasi iliyopo baina ya kila mlango na bodi. Upande wa kulia nafasi ilikuwa pana juu na nyembamba chini. Akatuonyesha ufa katika kioo cha mbele ulioanzia pembeni, mahali ambapo hapakupigwa na jiwe lolote. Akatuonyesha rangi iliyopasuka chini ya nguzo ya mlango.

Kisha akaweka jeki chini ya mhimili wa mbele, upande wa kulia, akaipandisha polepole. Gari likinyanyuka pembe ya mbele, nyuma ilibaki imelala kana kwamba ni gari jingine. Akamwambia shemeji, “Afande, sasa fungua mlango wa nyuma.” Mlango ulikataa. Jeki iliposhushwa, ukafunguka kwa kidole kimoja.

“Kitasa hakina kosa,” alisema fundi. “Mlango ni ule ule na kitasa ni kile kile. Kinachosogea ni nyumba yenyewe.”

Akapiga patasi katika kizingiti, yaani lile sanduku refu la bati lipitalo chini ya milango. Chuma kililiwa na patasi kama mkate. Kutu ilikuwa imekula kutoka ndani miaka mingi, huku nje rangi ikiwa bado yang’aa.

MAANA YA UKAKAMAVU

Yafaa msomaji aelewe kwanza namna gari linavyojengwa. Malori, na magari kama Land Rover za zamani, yana chasisi ya ngazi: vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vipande vya kukingama, na bodi huwekwa juu yake. Lakini magari mengi madogo, Peugeot 504 ikiwa mojawapo, hayana ngazi hiyo. Bodi na chasisi ni kitu kimoja. Sakafu, vizingiti, nguzo za milango na paa hushirikiana kubeba mzigo kama ganda la yai. Ganda likitoboka mahali, sehemu nyingine hulazimika kubeba zisichoumbiwa kubeba.

Barabara nayo hailisukumi gari juu na chini tu. Gurudumu la mbele kulia likipanda jiwe wakati lile la nyuma kulia limo shimoni, gari zima husokotwa kama mama akamuavyo nguo. Gari kakamavu hukataa kusokotwa, na kwa hiyo springi na shokapu hufanya kazi ziliyopewa. Gari legevu hugeuka kuwa springi yenyewe, tena springi isiyo na shokapu ya kuituliza. Hapo magurudumu hupoteza mwelekeo yaliopangiwa, usukani huchelewa kuitika, tairi huliwa upande mmoja, na dereva hujikuta akirekebisha njia katikati ya kona. Watu husema, “Gari hili linayumba,” wakanunua shokapu mpya, na bado likayumba.

Iko mifano miwili ya nyumbani. Mfano wa kwanza ni mwanzi. Shika mwanzi mzima kwa mikono miwili ujaribu kuusokota, hautasokoteka. Upasue kwa urefu upande mmoja tu, ujaribu tena. Utasokoteka mkononi kama kamba. Chuma nacho ni vivyo hivyo. Bomba la mraba lenye upana wa milimita 50 kila upande na unene wa milimita 2, likipasuliwa kwa urefu, uwezo wake wa kukataa kusokotwa hupungua zaidi ya mara 400, ijapokuwa uzito wake haukupungua hata kidogo. Ndiyo sababu kizingiti kilichopasuliwa na kutu ni hatari kubwa kuliko kinavyoonekana.

Mfano wa pili ni paa la nyumba. Ukifunga vijiti vinne kuwa mraba, mraba huo utalala ukisukumwa. Ukifunga vitatu kuwa pembetatu, hautalala mpaka kijiti kivunjike. Maseremala wanaotengeneza kenchi wanalijua jambo hili, na mwenye kufunga ubao wa mshazari katika lango la zizi analijua pia. Kukaza chasisi hakuna siri nyingine zaidi ya hizi mbili: kufunga palipo wazi, na kutia pembetatu palipo na mraba.

WAMAREKANI WALIJIFUNZA WAPI?

Mpwa wangu alipenda Ford Mustang, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Aprili 1964. Ni vema tumjibu kwa gari lake mwenyewe. Mustang ilijengwa juu ya muundo wa gari la kawaida la familia, Ford Falcon. Ina vyuma vya kubebea injini mbele na vyuma vingine nyuma, lakini chini ya sakafu vyuma hivyo havikuunganishwa. Katikati pameachiwa bati la sakafu na vizingiti. Injini ndogo haikuona taabu. Ilipotiwa injini kubwa ya silinda 8, nguvu ya kuzungusha magurudumu ikaanza kuisokota bodi. Hivyo hata leo wapenzi wa magari hayo huanza kwa kuchomelea bomba mbili za mraba chini ya sakafu, ili vyuma vya mbele vishikane na vya nyuma.

Kadhalika, katika Mustang zilizouzwa nje ya Marekani, ambako barabara zilidhaniwa kuwa mbaya zaidi, Ford ilitia chuma imara cha kuunganisha ukuta wa injini na vikombe viwili ambamo springi za mbele zimeegemea. Chuma hicho kikajulikana kwa jina la chuma cha magari ya nje, na mwaka 1965 kikatiwa pia katika Mustang za mashindano za Shelby GT350, pamoja na bomba linalopita juu ya injini kutoka kikombe kimoja hadi cha pili. Kwa maneno mengine, barabara mbovu ndiyo iliyokuwa mwalimu, na magari ya mbio yakawa mwanafunzi.

Chevrolet Camaro, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ilikuwa na tatizo la namna yake. Chasisi yake ya mbele ilifungwa kwenye bodi kwa bolti zenye bushi za mpira. Mpira ulipooza, mbele ya gari ikawa yacheza peke yake. Dawa ilikuwa kubadili bushi hizo, na wenye kushindana wakatia za chuma kitupu.

SAFARI RALI: SHULE YETU WENYEWE

Lakini kwa nini twende mbali? Afrika Mashariki ina shule yake. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, wakati wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza, na mwaka 1968 tena 7 tu. 

Mwaka 1964 kampuni ya Ford ya Marekani ilileta timu ya magari ya Mercury Comet, ndugu wa Falcon kwa muundo, yenye injini kubwa na maandalizi ya gharama. Mshindi wa mwaka huo hakutoka humo. Alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Mwaka uliofuata Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, gari lenye sura ya mviringo na sifa ya ugumu, si ya misuli. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Peugeot 504, gari la shemeji yangu, ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na toleo lake la milango miwili likashinda mwaka 1978.

Wala haisemwi kwamba gari la misuli haliwezi kushinda katika nchi zetu. Mwaka 2009 Mkenya Ian Duncan alishinda mashindano ya Safari ya magari ya kale akiendesha Ford Mustang. Lakini Mustang ya mashindano hayo si ile iliyotoka dukani. Gari la rali huvuliwa mpaka bati tupu, mishono yake ikachomelewa upya, vikombe vya springi vikaongezwa bati, na ndani kikajengwa kizimba cha mabomba. Mifupa kwanza, misuli baadaye.

KAZI ILIVYOFANYWA

Fundi wetu alifuata utaratibu ambao nauandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, kuliondolea gari hatari ya moto. Betri ilitolewa, tangi la petroli likashushwa na kupelekwa mbali, mazulia na viti vikatolewa. Ndoo ya mchanga iliwekwa karibu, na mtu mmoja akasimama bila kazi nyingine ila kutazama upande wa pili wa bati linalochomelewa.

Pili, kupima. Gari liliegemezwa penye magurudumu, mahali pa usawa, kama lisimamavyo barabarani. Kamba ilivutwa kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili, mpaka vipimo vikalingana. Hili ni jambo kubwa. Gari likichomelewa likiwa limejipinda, litabaki kilema maisha yake yote, na ukakamavu ulioongezwa utaulinda huo ukilema.

Tatu, kukata kutu yote mpaka kwenye chuma kizima. Kubandika bati jipya juu ya kutu ni kuficha jipu kwa kitambaa. Vizingiti vyote viwili vilijengwa upya, kimoja baada ya kingine, milango ikiwa imefungwa ili nafasi zake zionekane wakati wote.

Nne, kuunganisha vyuma vya mbele na vya nyuma kwa bomba mbili za mraba chini ya sakafu. Bomba la milimita 50 lenye unene wa milimita 2 lina uzito wa kilo 3 hivi kwa kila mita. Kwa hiyo bomba mbili za mita moja na nusu ziliongeza kilo 9 tu, pungufu ya uzito wa mtoto wa miaka miwili.

Tano, bomba la kukaza vikombe viwili vya springi za mbele, lililofungwa kwa bolti ili liweze kutolewa injini ikihitaji kutengenezwa.

Kuchomelea kulifanywa kwa vipande vifupi vya sentimita 2 au 3, mara huku mara kule, ili joto lisilipinde bati. Mwisho, kila mshono ulipakwa rangi ya kuzuia kutu, ndani ya masanduku ikanyunyizwa nta, na matundu ya kutolea maji yakazibuliwa. Maji yaliyofungiwa ndani ndiyo yaliyoleta msiba wa kwanza.

MAONYO MATATU

Si kila chasisi yataka kukazwa. Chasisi ya lori imekusudiwa kujipinda kidogo, na magari ya kijeshi kama Unimog yalibuniwa makusudi hivyo, ili magurudumu yote manne yasiache ardhi. Kulichomelea lori vyuma ovyo, hasa kwenye kingo za juu na za chini za vyuma virefu, huhamisha mkazo mahali pamoja, na hapo ndipo patakapokatika. Yafuatwe maagizo ya watengenezaji.

Pili, pua na mkia wa gari visifanywe vigumu kama nyundo. Katika ajali sehemu hizo hukunjika ili kupunguza pigo kabla halijawafikia abiria. Panapotakiwa kukakamaa ni chumba cha watu.

Tatu, kizimba cha mabomba kisitiwe katika gari la familia. Mshindani huvaa kofia ngumu na mikanda inayombana kitini. Mtoto aliyekaa nyuma hana kofia. Bomba tupu karibu na kichwa chake ni hatari mpya badala ya ile ya zamani.

Kwa wenzetu wa polisi wanaokagua magari, na kwa yeyote anayenunua, dalili za gari legevu ni hizi: nafasi za milango zisizolingana, ufa wa kioo uanzao pembeni, rangi iliyopasuka chini ya nguzo, maji ndani ya buti, na mlango unaobadili tabia gari likipandisha gurudumu moja ukingoni. Mama wa nyumbani akisema mlango huu una kelele mpya, asikilizwe. Yeye ndiye aufungaye kila siku akiwa na mtoto mkono mmoja.

KIJANA NA INJINI YAKE

Fedha za injini zilikwisha katika vizingiti. Zilizosalia zilinunua mikanda ya viti vya nyuma, ambayo gari halikuwa nayo, na bati la kufungia nanga zake likachomelewa siku hiyo hiyo. Kisha shemeji akalipeleka gari kukaguliwa kabla ya kumpakia mtu yeyote.

Tulipita tena Nyungwe baada ya wiki chache. Injini ni ile ile, shokapu ni zile zile, lakini katika kona gari lilikwenda mahali lilipoelekezwa na kubaki hapo. Tulipoikaribia kona ya siku ile, dada yangu alinyoosha mkono nyuma, akaushika mlango wa kulia. Haukutikisika. Aliushikilia mpaka kona ikaisha, kisha akaurudisha mkono wake mapajani.

Mpwa wangu mkubwa, aliyekuwa kwenye usukani, aliona. Hakutaja injini siku hiyo. Tulipofika Muganza, alilala kifudifudi chini ya gari na tochi, akakagua mishono mmoja mmoja, nasi tukamwacha.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ndugu msomaji, kabla hujafikiri juu ya nguvu ya gari lako, inama kwanza ulitazame chini.